Nilijibu Fasi ya Muzee Paluku

Nianze na upumbavu wangu mimi mwenyewe, mbele mutu mwingine akuambie: nilijibu fasi ya mutu mwenye alikuwa amekufa. Nilijibu kwa sauti yake, nikacheka, na batu bakacheka pamoja nami. Kama unafikiri ninatunga, kuya hapa Butembo nikuonyeshe ile nyumba. Matundu ya misumari ingali kwa dirisha. Kweli, kwa kusema uongo niko bingwa, hata mwalimu wetu wa kifaransa ni shahidi. Mais hii si uongo. Uongo wangu unakuwaka na kicheko mwishoni.

Ilikuwa wakati wa vita. Usiku basoda banapiga risasi. Basoda gani? Usiniulize. Kila kundi lilikuwa na jina la herufi tupu, na mimi herufi nilikuwa ninazikimbia hata kwenye masomo. Asubuhi, mbele ya kengele ya misa, ulisikia nyundo: ko, ko, ko, toka kilima mpaka kilima. Hapo unajua batu banafunga madirisha yenye ilivunjwa na milango yenye ilipigwa mateke, juu mwizi wa kesho asikute kazi imekwisha fanywa na mwizi wa jana.

Mujomba wangu Kasereka, ndugu ya mama, alikuwa fundi wa mbao. Mbele ya vita alitengeneza vitanda na makabati. Vita ilipofika, batu bakamuomba vitu viwili tu: masanduku ya kuzikia, na kufunga nyumba haraka mbele jua lizame. Mbao ilikuwa ile ile. Siku masomo inafungwa (na ilifungwa sana, Mungu anibariki), mimi nilikaa kwa jiwe, ninanyoosha misumari yenye ilipindika, juu misumari mipya haikukuwa tena mu mji.

Sasa sikiliza desturi, juu kila kitu kinatoka pale. Fundi wa kwetu hawezi kupiga mbao ya mwisho hivi hivi. Anaacha nafasi ndogo, anatia kinywa, anauliza: "Kuna mutu?" Kisha kila mutu ananyamaza, hata mupita njia anasimama. Ni juu ya batoto. Risasi ikilia, mutoto anajificha chini ya kitanda, usingizi unamubeba, na fundi anakuya kumufungia ndani. Ilishatokea. Donc unauliza, unangojea. Na mutu wa inje hajibu, hata akiwa mulevi. Mwenye kujibu ni mwenye kuwa ndani.

Jirani yetu muzee Paluku alikuwa amekufa juma chache mbele ya siku hizo. Si risasi, kifua. Muzee yule alivaa kabuti hata saa sita ya mchana. Mbele ya kusema alikohoa mara mbili, halafu: "Baridi inanikula, bandugu." Avenue nzima ilijua ile sauti, na mutu wa kuiiga vizuri kuliko wote alikuwa nani? Mimi. Niliiga muzee, niliiga préfet wa masomo, niliiga abbé akipoteza mustari mu misa. Mama alisema Mungu alinipa koo la batu bengi na akili ya kuku mumoja.

Basi usiku mumoja basoda bakavunja mulango wa mujane wake, mama Kavugho, na madirisha yote mawili kwa vitako vya bunduki. Bakabeba godoro, bakabeba masufuria. Mashini yake ya kushona hapana kuiona; alikuwa ameificha chini ya magunia ya makala. Asubuhi akaamua kwenda Kasindi kwa binti yake mpaka mambo itulie. Mashini haiwezi kwenda: kwa njia ile, kwa kila barrière ya basoda kulikuwa mutu wa kukuuliza umebeba nini, halafu anakusaidia kubeba.

Akamushika mujomba mukono. "Kasereka, ile mashini njo bwana wangu, njo shamba yangu, njo kila kitu. Kama inaenda, na mimi nimekwenda. Unifungie muzuri."

"Nitafunga, mama."

Mbao ikakosa. Mujomba akazunguka uwanja, akakuta vipande vya mbao ya kalitusi vyenye vilibaki siku ile alitengeneza sanduku la muzee. Alivitazama wakati murefu. Kisha akasema, "Hakuna zingine," akaanza kupima.

Tulifunga mulango kwa mbao na bati la zamani, kisha dirisha la mbele. Likabaki la nyuma. Mujomba akaacha nafasi, akatia kinywa. "Kuna mutu?"

Kimya. Bajirani bamesimama, mama Kavugho ameshika kifurushi chake. Na mimi? Mimi nilikuwa upande wa mbele, peke yangu, na ufa wa mulango ukinitazama. Niambie, wewe ungeweza kujizuia? Nikaweka kinywa kwa ufa, nikakohoa mara mbili.

"Niko. Mufunge tu. Baridi inanikula, bandugu."

Sauti ilipita mu nyumba tupu, ikatokea kwa dirisha la nyuma ikiwa nzito kuliko nilivyoituma. Batoto bakakimbia. Halafu nikajitokeza kwa kona nikiinama sawa vile mucheza teatri, na bajirani bakacheka mpaka machozi. Batu balikuwa na njaa ya kucheka wakati ule. Mama Kavugho peke yake alikaa chini, kwa udongo.

Mujomba alitoa musumari mu kinywa. "Mwipwa, umejibu fasi ya nani?"

"Ya muzee, mujomba. Ni kucheka tu."

"Na yeye sasa atajibu nini?"

Mujomba alipiga ile mbao ya mwisho, mama Kavugho akapanda camion ya Kasindi, siku ikaendelea.

Jioni mujomba akatafuta nyundo yake, hapana kuiona. "Wewe njo uliiacha kwa dirisha la nyuma. Wende haraka, couvre-feu, saa ya kutotembea inje, iko karibu. Bila nyundo kesho hatukule."

Unajua ukungu wa Butembo? Unashuka ukikukuta inje, na nyumba ya jirani inapotea. Nilienda nikipiga mluzi, si juu ya furaha. Nyundo ilikuwa pale kwa dirisha, imelowana. Nikaishika. Na pale njo nilisikia mutu anakohoa. Mara mbili.

Alikuwa amekaa kwa jiwe la uwanja ule, lenye nilinyooshea misumari asubuhi, mugongo kwa ukuta, kola ya kabuti imesimama. Nilifikiri ni mupita njia.

"Muzee, wende kwenu, saa imefika," nikasema.

"Kwetu ni hapa," akasema. "Ninataka kuingia, mwana. Kasereka aliuliza. Nikatoka mu kiti changu polepole, unajua kifua changu. Nilipofika kwa dirisha, nikakuta nimeshajibu."

Kwa baridi ile kinywa changu kilitoa moshi sawa vile nyungu ya bugali. Chake hapana. Alisema maneno yote yale, na mbele ya kinywa chake ukungu haukutikisika.

"Fasi ilikuwa ya mutu mumoja," akaendelea, bila hasira, sawa mutu anaeleza njia. "Umeichukua, na mimi nikajikuta inje. Fungua."

Ulidhani nilikataa? Nilifungua! Nilitia ulimi wa nyundo chini ya mbao, nikavuta, musumari ukalia. Yeye akasimama nyuma yangu. Mukono ukapita juu ya bega langu, ukagusa mbao.

"Hii ninaijua," akasema. "Zile zingine niko nazo kule."

Musumari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukaanza. Na pale nikasikia kwa barabara mutu anaimba kilingala, na viatu vizito, na tochi ikapiga ukungu. Basoda. Bakiona dirisha wazi, bataingia. Na safari hii batasogeza magunia ya makala. Nikamukumbuka mama Kavugho kwa udongo. Nilikuwa nimeshamufanya mujane mara ya pili mbele ya batu. Nimuache na maskini pia?

Nikasukuma mbao kwa mikono. Kupiga nyundo nisingeweza, bangesikia. Nikarudisha musumari mu tundu lake, nikaegemea na mwili wote, nikazima pumzi. Tochi ikapita kwa ukuta, ikapita kwa miguu yangu. Mumoja akacheka, bakaenda.

"Muzee," nikanong'ona bila kugeuka, "siwezi. Ni juu ya mashini ya mama. Ngojea asubuhi."

Akasema, na sauti ilikuwa karibu sana na sikio: "Mashini, uko na haki. Basi ubaki na fasi yangu. Mimi nitaenda kwenu."

Na maneno yale ya mwisho aliyasema kwa sauti yangu.

Nilipogeuka, kulikuwa jiwe tu. Nikapiga misumari mara mbili tatu, nikakimbia, ninaanguka, ninasimama, mpaka kwetu. Taa hatukuwasha jioni, juu mwanga uliita risasi. Nyumba ilikuwa giza sawa kaburi. Nikagonga.

"Ni nani?" mama akauliza ndani.

"Ni mimi, mama! Fungua!"

"Mimi nani? Mutoto wangu ameshaingia. Amekula, analala." Halafu akapaza sauti, "Wende na ujanja wako! Munatuma batoto kuiga batoto bengine tufungue milango! Shetani!"

Ni kweli, banyang'anyi balikuwa banafanya vile. Niliapa, nikataja jina la mutakatifu wangu, nikataja namba niliyopata mu hesabu, namba yenye hakuna mutu angejisingizia. Hapana. Na pale, mu chumba changu, nyuma ya ukuta, nikasikia mutu anacheka. Ninakijua kicheko kile. Ninakibebaka kila siku.

Nililala mu jiko la inje na makobaye, vile vinyama vidogo mama alifuga kwa kula siku ya sikukuu. Vilinipandia kutafuta joto. Sikuvifukuza. Nilifurahi kuwa na kitu chenye kupumua.

Mujomba alinikuta pale alfajiri, akija kuchukua nyundo. Mama akafungua mulango, akaniona na majivu kichwani, akashika ukingo wa mulango. Tukaingia bote batatu mu chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa (mimi sijatandika kitanda tangu komunyo ya kwanza), na dirisha lilikuwa wazi. Blanketi ilinuka kabuti lenye mvua.

Nikaeleza kila kitu. Mujomba hapana kunipiga, na hiyo iliniogopesha zaidi. Alinipeleka mpaka ile nyumba. Akatoa mbao ile moja, akavua kofia, akasogea pembeni sawa vile unaachia mukubwa njia. Tukangojea. Baridi ikapita kati yetu, hata kofia mukononi mwake ikatikisika. Ndipo akatia kinywa kwa nafasi.

"Kuna mutu?"

Mimi nilijishika kinywa kwa mikono miwili.

Ndani, mutu alikohoa mara mbili. Hapana neno. Mujomba akafunga.

Vita iliporudi nyuma kidogo, mama Kavugho akatoka Kasindi, tukamufungulia. Mashini ilikuwa chini ya makala, nzima, hata sindano. Kiti cha muzee tulikiacha kwa chumba cha kulala. Tulikikuta karibu na makala, kimetazama mulango. Mama Kavugho alikipapasa, akaanza kulia, mais si kilio kibaya.

Mimi siigi tena mutu. Kwenye masomo bananiomba préfet, bananiomba abbé. Ninakataa, banasema nimekuwa muzee. Neno lile halinichekeshi. Jioni, mama hanifungulie kwa sauti tu: anatoa mukono kwa dirisha, anashika wangu, anangojea aone kama una joto. Na wewe mwenye kusoma hii, siku moja utapita fasi batu banafunga nyumba, na fundi atauliza lile swali. Simama. Nyamaza. Hata kama kinywa kinakuwasha, hata kama kuna msichana muzuri anakutazama. Lile swali si lako.

Limebaki neno moja, la mama. Ujue kwanza kwamba sombe, yale majani ya muhogo, mimi siipendi. Tangu utoto sijamaliza sahani. Siku ile muzee alirudi ndani, mujomba alipokwisha kwenda, mama akanikalisha, akaleta bugali na sombe, akakaa mbele yangu, mikono kwa magoti. Hakulia, hakunigombeza. Alisema hivi, sijaongeza, sijapunguza:

"Ule wa jana alikula sombe yote, akalamba sahani, akaniambia aksanti mama. Kula na wewe. Ukiimaliza, nitajua hauko mwana wangu."