Koleo, Pedi na Mteremko wa Letras

Sijawahi kuua mtu. Ila kuna Jumamosi moja, kwa zaidi ya saa nzima, niliamini nimemuua mama yangu mzazi.

Silaha yenyewe? Koleo.

Ngoja niwape mkasa wote, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Naitwa Wilmar. Naishi Manizales, mji ambao ukiangusha chungwa mlangoni kwako, utaliokota mtaa wa chini. Huku kila njia ni kupanda au kushuka.

Nilikuwa na kagari kekundu, kamechoka. Fundi alishaniambia, "Wilmar, pedi za breki za mbele zimebaki nyembamba kama kucha. Badilisha, ndugu yangu."

Nikasema sawa. Sikubadilisha.

Sasa, pedi zikikaribia kuisha, kuna kijibati kidogo kinaanza kugusa diski ya gurudumu. Kiiii! Kimewekwa makusudi, kikuamshe. Mimi kilikuwa kinanikera tu, nikaona bora niliuze gari.

Mama ndiye aliyeniletea mteja. Doña Rosmira, yaani Bibi Rosmira, rafiki yake wa kanisani, mjane, mshona nguo.

"Mwanangu, mfanyie vizuri. Huyu ni mtu wangu."

Asubuhi kabla hajafika, nikafungua magurudumu ya mbele. Nikashika koleo. Nikavikunja vile vijibati pembeni, kulia na kushoto.

Kelele kwisha.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa yameshuka, taa nyekundu inawaka. Nikajazia. Taa ikazima. Gari likatulia kama mtoto aliyeshiba.

Doña Rosmira akaliendesha mtaa mmoja, akarudi, akanitazama usoni.

"Breki vipi, kijana?"

"Breki? Hizo lala usingizi, mama."

Jamani. Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho.

Siku ya tatu nikajinunulia pikapu ya kijivu kwa jamaa mmoja sokoni. Nikakagua redio. Nikakagua viti. Nikajiona mjanja wa mji.

Wiki moja baadaye, Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, ukaingia ujumbe wa sauti. Mama.

"Wilmar, baba, niko na Rosmira. Tunashuka Mariquita kumwona dada yangu. Hili gari ulilomuuzia tamu, halina hata kelele! Mungu akubariki."

Halina hata kelele.

Nikausikiliza tena ule ujumbe.

Njia ya Mariquita unapanda mpaka Letras, juu kwenye baridi ya kugandisha masikio, halafu unashuka. Unashuka saa nzima, saa ya pili, bado unashuka. Kona juu ya kona, malori, ukungu, na pembeni bonde ambalo huoni mwisho wake. Kwa pedi zile, hata nusu ya njia wasingefika.

Nikampigia. Hapatikani. Nikarudia. Hapatikani. Huko juu mtandao hakuna.

Nikarukia pikapu.

Letras nikasimama, nikamuuliza mama mmoja wa kibandani, "Umeona gari dogo jekundu, wamama wawili?"

"Wamepita kama robo saa. Mmoja anaimba kwa sauti mbaya."

Mama yangu huyo.

Nikaanza kushuka kama mwehu. Kila kona nakanyaga breki, natupa jicho bondeni, natafuta rangi nyekundu. Mara nikaiona! Chini kabisa, kwenye majani. Moyo paa!

Lilikuwa blanketi, mtu kaanika uani kwake.

Nikaendelea. Kidogo nikasikia harufu ya kuungua. Nikadhani ni lori la mbele. Nikalipita, lori likabaki nyuma, harufu nikaondoka nayo.

Kona iliyofuata, kanyagio likawa laini, kama nakanyaga unga uliokandwa.

Kona ya pili likazama mpaka sakafuni.

Wazee, pikapu yangu haikuwa na breki.

Nikapampu. Wapi. Nikapampu tena. Wapi! Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini inapiga mayowe. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nyuma moshi unafuka. Mwendo umepungua, lakini hausimami.

Nikakata kona, na hapo ndipo nikaliona.

Gari jekundu. Zima kabisa. Limeegeshwa mbele ya kibanda cha jibini. Mama amesimama kando na kikombe cha maji ya moto ya sukari guru.

Akanitambua. Akanipungia mkono.

Nikampita.

"We Wilmaaar! Unakimbilia wapi?"

Mbele kulikuwa na kifusi cha udongo, mlima ulimomonyoka wiki ile, watu wa barabara wakakisogeza kando. Nikasema ni hapo au bondeni. Nikalielekeza gari huko, nikafumba macho.

Puuu!

Nilipofumbua, kioo kimejaa udongo, na mimi mzima.

Gari jekundu likashuka taratibu, likasimama nyuma yangu kistaarabu. Mama akaja mbio, akanishika kichwa, analia. Mimi napiga kelele tu.

"Msirudi kwenye hilo gari! Halina breki!"

"Lina breki," Doña Rosmira akasema. "Pedi mpya, mafuta mapya. Nilifungua magurudumu siku ile ile uliyoniuzia."

"Wewe?"

"Mimi. Marehemu mume wangu aliendesha lori njia hii miaka ishirini na sita. Unadhani nani alikuwa anamshikia spana?"

Akainama, akachungulia gurudumu langu kupitia matundu ya rimu. Akatikisa kichwa. "Chuma kitupu. Hata yako hukuangalia?"

Kisha akashusha sauti. "Pedi huisha, kijana. Vijibati havijikunji vyenyewe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Siku kumi nimengoja."

Mama akamtazama, akanitazama. "Vijibati gani, Wilmar?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu.

Nikasema yote. Koleo, mafuta, taa, yote.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliondoa tu mkono wake kichwani kwangu, akaenda kupanda gari la Rosmira, akafunga mlango.

Nilikaa juu ya kile kifusi saa tatu nikingoja gari la kunivuta. Aliyeliita ni Rosmira.

Wapendwa, ukinunua gari lililotumika, achana na redio. Chukua tochi, chungulia pedi. Fungua kikopo cha mafuta ya breki, yakiwa meusi kama kahawa, mwaga, weka mapya. Likipiga kelele, shukuru, limekuambia ukweli. Na ukiuza, sema ukweli na wewe, maana hujui nani atakaa kiti cha abiria.

Mama alinisamehe baada ya miezi mitano. Lakini mpaka leo nikimfungulia mlango wa gari, huinama kwanza akachungulia gurudumu. Akiridhika, ndipo anapanda.