Mwanya wa Jennifer

Kupaka ukuta, pande zote za Kaplong hakukuwa na mwanamke wa kumfikia Cherotich. Kila Desemba, nyumba zilipokandikwa upya kwa udongo na samadi, ni yeye aliyeitwa kuzirembesha kwa udongo mweupe, majivu na masizi. Ndiyo maana mwaka wa 1997, akina mama wa kanisa walipomaliza kujenga nyumba yao ya mikutano, hawakuumiza kichwa. Walimpa ukuta wote wa mbele, wakamwambia achore kwao, mahali anapopaita nyumbani.

Mpe mtu wa aina hiyo ukuta mzima, uone! Alichora majani chai mlima kwa mlima, ng'ombe, kanisa, wachumaji na vikapu vyao, lori la majani, hata soko la Mulot na mbuzi wake, ingawa Mulot ni mbali na hakuna aliyemwomba. Mwalimu Marcella, aliyefundisha watoto kuchora, alisimama mbele ya msongamano huo kwa muda mrefu.

"Mama Chelangat, ni mzuri," alimwambia Cherotich. "Lakini macho yangu haijui itulie wapi. Hii ni kwetu ya kila mtu. Wewe mwenyewe ukifunga macho, unaona nini?"

Cherotich alinuna. Alibeba ndoo yake akaenda zake bila kuaga. Lakini swali lilimfuata hadi zizini, na alipokuwa akikama akajikuta amelijibu. Aliona mwanya kwenye ua wa miti kati ya shamba lake na la Jennifer, mke wa Njuguna. Hapo ndipo walipopitishiana makaa ya moto, chumvi, watoto wachanga na umbea. Kisha ukaja mwaka ule wa vita vya kikabila, na asubuhi moja watu wa Njuguna wakapakia vyombo kwenye lori wakarudi kwao Murang'a. Jennifer hakupata hata nafasi ya kupita mwanyani aage. Cherotich hakupata rafiki mwingine, wala hakutafuta.

Kesho yake alikoroga udongo. Raha ya ukuta wa udongo ni kwamba ukikosea unakandika juu yake. Mulot ikaenda, lori likaenda, ng'ombe wakafuata. Kanisa alilionea haya kidogo, nalo likaenda. Ukabaki ua, na mwanya, na nyasi zilizokanyagwa huku na huku.

Priscillah, mwenyekiti wa akina mama, alifika akashika kiuno.

"Huo mwanya naujua. Hao watu walienda, Cherotich. Mambo ya ule mwaka tuliachia Mungu. Unaleta kwa kanisa ya nini?"

"Naleta ua yangu tu," Cherotich alijibu, na hakugeuka.

Akaanza kumchora Jennifer amesimama mwanyani. Leso ilikuja vizuri. Viatu vya mpira vikaja, na mkono ulioshika kigae chenye makaa. Uso ukakataa. Alichora akakandika, akachora tena akakandika, mpaka udongo wa sehemu ile ukavimba. Siku ya kufungua nyumba ikamkuta hivyo hivyo, na wanawake wakajipanga mbele ya ukuta na nguo zao za Jumapili.

Hakuna aliyeuliza huyo ni nani. Cherotich alitamani ardhi immeze.

"Mbona hana uso?" Priscillah aliuliza mwishowe.

"Imenipotea," Cherotich alisema. "Miaka tano tu, Priscillah, na uso ya Jennifer imenipotea. Najaribu kila siku."

Priscillah alitazama ukuta. Halafu polepole akapeleka kidole kwenye paji la uso wake mwenyewe.

"Alikuwa na kovu hapa, juu ya nyusi," alisema. "Na jino ya mbele ilikuwa imepanda ingine. Akicheka alikuwa anaficha na mkono."

Cherotich aliketi kwenye nyasi akalia mbele yao wote, bila kujifunika. Priscillah alifunga kitambaa chake vizuri, akachukua ndoo, akaenda kutafuta maji ya kukorogea udongo.