Jina la Bi Tausi

Wenzangu mliokulia Ibra, huku Omani, siku zile barabara ya Sur ingali vumbi tupu, nyie hamna haja ya kuelezwa. Asubuhi yetu ilianza na adhana, kisha maji ya falaji yakipita mferejini nyuma ya ukuta, kisha mchi wa Bi Tausi ndani ya kinu uani, na hapo ukajua hapana kulala tena. Watoto wa leo wanaamshwa na simu, wanaizima, wanalala, inawaamsha tena. Sisi mchi ule haukuwa na pa kuzimia.

Bi Tausi alikuja na sisi kutoka Unguja. Alikuwa kwetu tangu ujana wake, na mama yake alikuwa kwetu kabla yake. Chumba chake kilikuwa uani, akilala yeye na bintiye Mwanaidi, ambaye ni rika langu. Mama akiwaambia wageni, "Huyu ni kama ndugu yetu." Nilikuwa mtu mzima tayari nilipousikia uzito wa hilo neno "kama." Siku zile nilijua tu kwamba ngano ya bokoboko akiitwanga yeye, na kwamba akitwanga huimba.

Mimi na Mwanaidi tulikuwa kitu kimoja. Tukicheza mdako kwenye kivuli cha ukuta, kokoto tukiziokota kwenye wadi, bonde la mto mkavu, mpaka vidole vinachubuka. Tukijitosa kwenye falaji na nguo zetu, tukirudi tunachuruzika, na Bi Tausi anatukausha kwa kanga moja sote wawili huku akitugombeza. Skuli mwalimu alikuwa Mmisri, neno la Kiswahili halijui, na Kiarabu chetu kilikuwa cha kuchekwa, basi tukikaa nyuma tukinong'onezana darasa likiendelea bila ya sisi. Nazi ililetwa kutoka Sur mara mojamoja. Siku hiyo harufu ya wali inafika hadi mtaa wa pili. Muhogo tuliusikia tu midomoni mwa wakubwa, wakiutaja kwa huzuni kama jamaa waliyemwacha nyuma. Wajukuu zangu ukiwapikia wali wa nazi wanauliza kama kuna piza.

Siku moja baba alikuja nyumbani na mgeni, Mzungu mrefu mwenye mashine ya kurekodi, anayezunguka kukusanya nyimbo. Wanaume walikwisha kumwimbia uwanjani, wakicheza na panga zao. Alipokuwa anakunywa kahawa akausikia mchi uani, akaomba aende. Bi Tausi hakutaka. Akasema ana kazi, ngano nyingi na wageni wa jioni wengi. Mama akamwambia, "Imba tu, Tausi, mgeni katoka mbali." Basi akaimba, macho kwenye kinu. Mimi na Mwanaidi tuliona jambo la kuchekesha mno, mtu kumshikia Bi Tausi kijiti cha kunasia sauti mdomoni, tukacheka mpaka mama akapiga kelele, "Nyamazeni nyie!" Mgeni alifunga mashine yake, akashukuru, akaenda zake. Jina la mwimbaji hakuliuliza, na hakuna aliyemtajia.

Maisha yakapita. Mwanaidi aliolewa mji wa Al Kamil, mimi nikasomesha mpaka nikastaafu. Bi Tausi alifariki zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na sisi tuliokuwa kitu kimoja tukawa watu wa kupigiana simu siku ya Idi.

Mwaka huu mpwa wangu Asila akaniambia Nizwa kuna maonyesho ya sanaa na muziki wa Waafrika na wa weusi wa Marekani. Magoti yangu hayakutaka, lakini nilikwenda. Tuliona ngoma za pwani yetu, vinanda, magitaa ya zamani, na mashuka makubwa ya viraka yaliyoshonwa na wanawake weusi wa huko Marekani, mazuri ajabu, ya kutandika kitandani, nayo hata kuyagusa marufuku. Mwisho kulikuwa na ukuta wenye hedifoni. Nikakaa, kwa kuchoka tu, nikavaa moja.

Nikasikia mchi. Kisha sauti. Moyo ulijua kabla yangu. Nikajiambia, Salma, umezeeka, unasikia visivyokuwapo. Halafu wakacheka watoto, na mama yangu, aliyekufa miaka mingi, akasema sikioni mwangu, "Nyamazeni nyie!"

Ukutani kulikuwa na karatasi. Miwani sikuichukua, nikamwomba Asila anisomee. "Wimbo wa furaha wakati wa kutwanga. Mwanamke wa Kiafrika, Sharqiyah. Jina halijulikani." Sharqiyah ndio mkoa wetu.

Akaja msichana wa pale, Shamsa, mtoto wa watu wetu kwa jinsi alivyojitahidi na Kiswahili. "Shikamoo, bibi. Umependa wimbo huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu si wimbo," nikamwambia. "Huyu ni mtu, na mimi namjua."

Akafurahi, akataka jina hapohapo. Si langu kulitoa. Nikampigia Mwanaidi, nikamweleza.

"Sauti ya mama?" akasema.

"Ya mama."

"Miaka yote hii ilikuwa wapi?"

Nikamkumbusha yule Mzungu na mashine yake. Akauliza, "Na wanataka nini?"

"Jina lake."

"Alipokuwa hai hawakulitaka. Nitakuja kumsikiliza, Salma. Jina sikuahidi."

Wiki ile mwanawe Hamed akamleta, wakanipitia Ibra. Mpaka tunaipita Izki, Nizwa ikikaribia, hatukuzungumza la maana. Tuliulizana hali ya presha na sukari. Sikuwa na uhakika kama amenikasirikia, na sikuthubutu kuuliza.

Alisikiliza amesimama. Nilimvutia kiti, akakataa. Ukaisha, akaurudia, akaurudia tena, uso haukutikisika, ila mkono wake uliuacha mkoba ukaanguka na hakuuokota. Kisha nikampa hedifoni ya pili, wanawake weusi wa Marekani wakiimba huku wanafua. Lugha yao haijui hata kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hawa nao wamechoka," akasema.

Shamsa alikuwa kasimama pembeni, anaogopa kusogea. Mwanaidi akamwita kwa mkono. "Andika. Tausi binti Feruzi. Binti Feruzi, umesikia? Msimwandike kwa jina la nyumba ya mtu mwengine."

Nyumba hiyo ni yetu. Nilitazama chini. Akanishika kiganja, akakibana kama alivyokuwa akikibana darasani, wala hakunitazama.

"Na wimbo ulikuwa wa nini, mama?" akauliza Shamsa. "Sisi tumeandika furaha."

"Futeni furaha. Ulikuwa wa kumaliza kazi."

Shamsa akaandika yote, akaomba radhi kwa Kiswahili chake kibovu, na safari ile hakuna aliyecheka. Karatasi mpya iliwekwa. Asila kanitumia picha yake.

Hamed aliomba wimbo, Shamsa akamtilia kwenye simu. Tulipokwisha kuiacha Nizwa akaufungua garini. Ukaisha, akauanza upya. Akasema atawatumia jamaa wote wa Sur na wa Maskati, mpaka waliobaki Unguja. Kijana mzuri, ana furaha, nani wa kumlaumu? Enzi zetu sauti ilikuwa na mwenyewe. Ukitaka kuisikia tena ungoje kesho alfajiri, aamke, ajinyooshe mgongo, aamue kama anao moyo wa kuimba. Asipokuwa nao, hukusikia. Siku hizi unabonyeza kidole tu, mtu anaanza kazi upya, na kaburini hafikiwi na usingizi.

Ulipoanza mara ya nne, Mwanaidi alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akamgusa mwanawe begani.

"Zima, baba," akasema. "Mwache bibi yako apumzike. Na mimi nimechoka."