Mtihani wa Jumatano

Mimi nina haraka, na utafiti ni kazi ya watu wenye subira. Unampima mtu leo, unamwambia arudi baada ya miezi sita, unampima tena. Tulikuwa tunawafuatilia wazee wenye kisukari, tuone kama kuitibu sukari vizuri kunauchelewesha ugonjwa wa kusahau, ule wa Alzheimer. Swali lenyewe nililipenda kupita kiasi. Nikilifikiria kwenye teksi, napitiliza ninaposhukia, halafu narudi kwa miguu huku najisonya.

Ofisi yetu ilikuwa Marshalltown, mtaa wa katikati ya jiji huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya tatu, juu ya wauza soksi na chaja za simu. Wazee wanaoongea Kiswahili walikuwa wangu, na siku yao ilikuwa Jumatano, kwa sababu siku nyingine zote nilikuwa maabara. Utaratibu haukubadilika. Wanafika saa mbili hawajala kitu, wanatolewa damu, saa tatu wanapewa chai na mkate, saa nne wanaingia kwangu kwa mtihani wa kumbukumbu. Nawasomea maneno kumi, tunaongea mambo mengine, kisha nawaomba wanirudishie yale maneno.

Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja wa Lubumbashi, fundi cherehani mwenye duka dogo mtaa wa Yeoville. Mara ya kwanza alinirudishia maneno tisa na kunitania kwamba nasoma kama mtu anayesinzia. Miezi sita baadaye, manne. Miezi sita mingine, mawili, na siku hiyo aliniuliza choo kiko wapi mara mbili ndani ya nusu saa. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho, na nje kulikuwa na baridi ya Juni. Nikaandika kwenye fomu: anaogopa mtihani. Leo nikiukumbuka ule mwandiko wangu nataka kujizaba kofi.

Sukari yake ya asubuhi ilikuwa nzuri ajabu, tena tuliifurahia ofisi nzima. Profesa wangu, Msotho mmoja mpole asiyepandisha sauti hata akipandishiwa, alizitazama zile karatasi akatikisa kichwa. "Sukari tumeiweza, kumbukumbu imetushinda," alisema. Akaniagiza niandike ripoti ya familia, kwamba mama ana dalili za mwanzo, na Jumanne iwe imefika.

Mwanawe wa kiume, mlinzi kwenye jengo moja la mjini, alikuwa ananipigia simu kila siku. Alishapata mtu wa kununua vyerehani. Mwisho wa mwezi mama angepandishwa basi arudi Lubumbashi kwa dada yake, duka lifungwe. "Dada, mimi nangoja karatasi yenu tu," aliniambia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa mama asije akaacha pasi ya umeme inawaka akaungua na duka. Lakini duka lile ndilo lililowalea yeye na ndugu zake, na mama hakuwa ameulizwa.

Jumamosi nikaenda Yeoville. Nisidanganye, sikwenda kwa utafiti. Roho ilikuwa inanisuta, nikataka kumwona kabla karatasi haijamfikia, nikabeba kitenge kiwe kisingizio. Nilimkuta kwenye mashine, miwani kwenye ncha ya pua. Akakipokea kitenge, akakitandaza mezani, akachukua chaki na kuanza kuchora.

"Mama, hunipimi?"

"Nilikupima mwaka yenye ilipita, wakati ya harusi ya rafiki yako."

Akanitajia vipimo vyangu huku anachora. Mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Akaongeza kwamba bega langu la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, jambo ambalo mama yangu mzazi hajui. Nikatafuta daftari kwa macho, halikuwepo. Nikaichukua futi yake nikajipima mwenyewe. Vyote vilikuwa sahihi, isipokuwa kiuno, na hapo kosa ni langu, si lake.

Huyu ndiye aliyekumbuka maneno mawili?

Aliendelea kukata kitambaa na kuongea, kama mafundi wote. "Ule mukate yenu ya kule kazini iko muzuri," akasema. "Bajukuu banaupenda sana."

"Wajukuu? Kwani wewe huuli?"

Akanitazama juu ya miwani. "Siku ya tatu?"

Ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyoiita Jumatano. Siku ya tatu anafunga, akanieleza, yeye na kundi lake la maombi kanisani, mpaka jioni. Mkate anautia kwenye mkoba, chai anaiacha mezani.

"Na dawa ya sukari?"

"Dawa minakunywa asubuhi. Muliniambia nisiruke hata siku moya."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kidonge kile kazi yake ni kushusha sukari, na kilikuwa kinaingia tumbo tupu. Kufika saa nne, sukari ilikuwa imeshuka mno na ubongo unalia njaa. Jasho, kusahau, kuuliza choo mara mbili, vyote vilikuwa mbele yangu, nami nimekaa na fomu. Mbaya zaidi, mimi ni Muislamu wa Tanga. Kila Ramadhani ndimi ninayewakimbiza wagonjwa wabadilishe saa za dawa, nabandika hadi matangazo mlangoni. Kwamba Mkristo naye ana siku zake za kufunga, wala haikunipitia akilini.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Kufunga banatangaza? Ni ya mimi na Mungu."

Nilitoka nje mbio nikampigia Profesa nimesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, napiga kelele, watu wananipisha. Sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. Furaha na aibu vilinijia pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema "Eish," neno la mshangao ambalo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Ripoti isiandikwe, aliniambia. Jumatatu aje, ale kwanza, apimwe upya. Na nirudi dukani sasa hivi nimkataze kufunga, asimeze tena kidonge hicho akiwa na njaa.

Jumatatu alikuja na mwanawe. Nilimkalisha mbele yangu, akala vipande viwili vya mkate na yai, akamaliza chai, mimi nayahesabu matonge. Tukamtoboa kidole, sukari ikawa mahali pake. Nikamsomea maneno mapya kumi. Tukaongea habari za bei ya nyuzi. Kisha nikamwomba anirudishie.

Akarudisha tisa. Nilipoinamisha kichwa kuandika, akasema na la kumi.

Mwanawe alitoka na simu yake kwenye korido, tukamsikia akimwambia mtu kwamba vyerehani haviuzwi, na kwamba ndiyo, ana hakika. Mimi nilicheza kidogo, sikatai, hapohapo kati ya meza na kabati. Mtihani mmoja haumalizi habari, tungeendelea kumpima miaka na miaka, lakini siku ile nilikuwa na haki ya kucheza.

Lilibaki jambo moja lililonitatiza. Ile mara ya kwanza ilikuwa Jumatano pia, na alifanya vizuri. Nikamuuliza kufunga kulianza lini.

Akaufunga mkoba wake taratibu. "Kisha ya ile siku ya kwanza," alisema. "Ulinielezea namna sukari inaweza kula akili ya mutu muzee. Niliogopa sana, dokta. Nikaenda kwa kundi ya maombi. Mwaka muzima minafunga, minaomba Mungu anichungie hii kichwa."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Sasa umenikataza," akasema, na hakuwa anatania. "Nisipofunga, hii kichwa ataichunga nani?"

"Mimi," nikajibu, kabla sijafikiri. Akainua nyusi. "Na Mungu, mama," nikasema, "ukiwa umekula."