Isale Kutoka Baharini

Mzee Eliufoo wa Masama alikuwa hasemi na binti yake Aikande. Miezi minane sasa.

Si mtu wa maneno hata siku za raha. Maisha yake ameyamaliza kwenye mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya watu. Yeye ndiye aliyekuwa anasema leo maji yaende kwa nani. Akikunyooshea kidole, umepata. Asipokunyooshea, rudi nyumbani. Shule hakwenda. Kusema alimwachia mkewe, Magreth, na Magreth alisema kwa niaba ya wote wawili, na bado akabakiwa na akiba. Alipokufa, Novemba, nyumba ilinyamaza mpaka kuku wakawa wanachungulia mlangoni.

Aikande ni fundi umeme. Alianza kwa kupanda nguzo hapa hapa Hai, wanawake chini wakipiga vigelegele, wazee wakitazama pembeni kwa sababu ya suruali. Akasoma, akaenda mbali, mwisho akafika Bahari ya Kaskazini, kwa Wadachi, yaani Wajerumani. Huko wamesimamisha nyumba ya chuma katikati ya maji, kwa miguu ya chuma. Ni kituo cha umeme. Kimezungukwa na mitambo ya upepo, mirefu kupita mnara wowote wa Moshi, na umeme wa mitambo yote unakusanyika hapo ndipo upelekwe nchi kavu kwa waya unaopita chini ya bahari. Aikande hukaa humo wiki mbili, hutoka wiki mbili.

Magreth alikufa Jumanne, akazikwa Jumamosi. Aikande hakuja. Alipiga simu analia. "Baba, upepo ni mkali. Boti haiwezi kutufuata, helikopta hairuki. Tumekwama."

Mzee alikata simu. Tangu siku hiyo akatia ngumu. Mwanawe Jacob alimbembeleza, mchungaji alimbembeleza. Upepo ni upepo, Mzee, nani anauweza? Mzee akawa anatikisa kichwa tu. Sababu alikuwa nayo. Hakuitoa.

Basi ikafika Jumapili moja ya Julai, baridi ile ya kukaa na koti ndani. Ibada imekwisha. Violet, mke wa Jacob, amepika mtori. Basili, rafiki wa Mzee tangu ujana, ametoka misa kwao Wakatoliki akanyoosha moja kwa moja kwenye harufu. Simu ya Violet ikalia, ile ya picha.

"Baba, ni wifi."

"Mwambie nimelala."

"Umekaa, baba."

"Mwambie nimelala nimekaa."

Violet akapokea, akaitazama simu, akapiga ukelele. Basili akamwaga mtori pajani.

"Baba! Wifi ameshika isale!"

Hapo pana sheria. Mchaga akikuletea jani la isale limefungwa fundo, anaomba msamaha, na jani hilo halikataliwi. Hata kama amekuchomea banda na ng'ombe ndani, hulikatai. Ukilikataa, kosa linahama, linakuwa lako.

"Isale la wapi?" Basili akasema huku anajipangusa. "Baharini kuna isale? Hiyo ni kabichi ya Wazungu."

"Ni isale, njoo uone!"

"Hata kama. Isale linashikwa kwa mkono. Hiyo ni picha."

"Mbona mwaka ule wa corona ulisali misa kwenye redio ukasema umesali?"

"Sisi tulipewa ruhusa."

Sauti ikatoka kwenye simu. "Baba Basili, shikamoo. Nakusikia."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Mimi niko upande wako. Nilikuwa napima tu."

Mzee Eliufoo akanyoosha mkono. "Lete simu."

Violet alimpa upesi, asije akabadilisha mawazo. Mzee akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Lilikuwa isale. Refu, limelala vizuri, limefungwa fundo kama inavyotakiwa.

"Lina mstari wa njano," akasema.

"La Wadachi hilo," Basili akasema. "Limesoma."

"Lipo kwenye chungu, baba, kwenye chumba cha kulia," Aikande akasema. "Wanaliweka kama pambo, hawajui kitu. Mwaka wa pili huu napita pale na kikombe cha chai. Jana ndiyo macho yangu yameliona." Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ile ya chuma. "Baba, nisamehe. Sikumzika mama."

Mtori ukachemka peke yake.

"Nina swali," Mzee akasema.

"Uliza, baba."

"Kwa nini hamkuyazima yale mapangaboi?"

Aikande hakuelewa. Violet naye hakuelewa. Basili akatikisa kichwa taratibu. "Kweli bwana. Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo makaburini."

"Mapangaboi gani, baba?"

"Yale. Ulituma picha. Yamejaa bahari nzima." Maneno yakaanza kumtoka Mzee, na hayakuwa yamezoea kutoka. "Mama yako alipolazwa Moshi, juu ya kitanda palikuwa na pangaboi. Akasikia baridi. Niliinuka nikabonyeza ukutani, upepo ukaisha. Mimi, sijui kusoma, nilibonyeza. Wewe fundi. Unafanya kazi kwa watu wanaotengeneza upepo. Ukashindwa kuwaomba wazime, hata saa moja, boti ipite?"

Aikande alijiziba mdomo kwa mkono ulioshika isale. Mabega yakaanza kutikisika.

"Analia," Basili akanong'ona.

"Halii huyo," Violet akasema, naye keshaanza kucheka.

"Baba," Aikande akasema alipopata pumzi, "yale hayatoi upepo. Upepo ndio unayazungusha. Yakizunguka yanatoa umeme."

Mzee akafikiri. "Yanasukumwa?"

"Yanasukumwa, baba."

"Pangaboi la kinyumenyume!" Basili akapiga paja, lile lenye mtori.

Aikande akafungua mlango mzito, akatoka nje na simu. Upepo ukaunguruma mpaka kuku wa Masama wakakimbia. Akaelekeza simu baharini. "Unaona ule mtambo wa karibu? Umezimwa, unatengenezwa. Haya, upepo umekwisha?"

Haukuwa umekwisha. Kofia ya koti la Aikande ilikuwa inampiga mashavuni.

"Na siku ile ya mama, baba, yote yalikuwa yamesimama. Upepo ukizidi sana yanajifunga yenyewe. Yalizimwa yote, na upepo ukavuma vilevile."

Mzee Eliufoo akaitazama bahari kwa muda. Maji ya rangi ya kijivu, mapangaboi safu kwa safu, na waya zote, Aikande alisema, zinakuja hapa aliposimama yeye.

"Na hapo uliposimama ni nini?"

"Nduwa, baba."

Hilo hakuhitaji kuelezwa. Maji ya mfongo yakija kidogo kidogo yanaishia njiani, yanamezwa na udongo. Kwa hiyo unachimba bwawa, nduwa, unayakusanya usiku kucha, asubuhi unayafungua kwa nguvu moja. Hapo yanafika mpaka kihamba cha mwisho.

"Mnaukusanya umeme."

"Tunaukusanya, tunaupandisha nguvu, tunaufungulia."

"Na mfungua nduwa ni wewe."

"Zamu yangu ikifika, ni mimi."

Mzee akaanza kucheka. Kwanza kama mtu anayekohoa. Halafu tumbo likashika. "Miezi minane," akasema. "Miezi minane nimenuna kwa ajili ya pangaboi." Basili akamwangukia begani, Violet akakaa chini kabisa, kwenye majivu ya jikoni, na sketi yake ya kanisani.

Aikande alikuwa amerudi ndani, bado anacheka, pale mlango uliposukumwa. Akaingia mzee wa Kidachi, ovaroli jekundu, uso mwekundu zaidi. Akaonyesha chungu. Akaonyesha kisiki kidogo palipokatwa jani. Alisema kwa kirefu.

"Anasemaje?" Mzee Eliufoo akauliza.

"Ni msimamizi wangu, baba. Anauliza nani amekata mti wake. Anaumwagilia mwenyewe kila siku."

"Mpe isale."

"Nimpe jani lake mwenyewe?"

"Mpe. Mikono miwili."

Mzee akasimama. Akavua kofia. Akaishika simu mbele ya uso kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani, akapaza sauti, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyonayo ya kuongea na wageni. "Bwana mkubwa! Huyo ni mwanangu! Ni mtoto mzuri! Ana kosa moja tu, na hilo analo kwa ajili yangu! Msamehe!"

Yule Mdachi akatazama simu. Akatazama fundo. Akamtazama binti aliyeinama mbele yake. Akapokea lile jani, kwa mikono miwili, akasema maneno mawili matatu.

"Amesema sawa," Aikande akasema. "Ila nisirudie."

"Anajua sheria!" Basili akapiga kelele. "Babu zao walikaa hapa!"

Mdachi akatoka na isale lake.

"Baba, umesema mwanangu."

"Nilimwambia yeye."

"Nimesikia."

"Basi umesikia."

Aikande akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Nisimulie mazishi. Jacob alinisimulia, Violet alinisimulia. Wewe bado."

Mzee akavaa kofia. Akaivua tena. "Mvua ilinyesha. Mchungaji aliteleza kwenye tope, akamshika shangazi yako kiunoni. Wakaenda wote mpaka kwenye migomba."

"Mama angecheka."

"Angecheka mpaka tumzike kesho yake."

Aikande alicheka, machozi yakimtoka. "Enhe. Nani mwingine alikuja?"

"Kaa chini kwanza," Mzee Eliufoo akasema, naye akavuta kigoda. "Walikuja wengi."