Vile mchezo wa kati ulinipeleka team ya baseball ya region

Wakuu niaje,

Hii yote ilifanyika. Nikiongeza chumvi hata kidogo, mathe aninyime chapati za Sunday mpaka nimalize Form Four.

Mimi ni kijana wa Bondeni, hapa Nakuru, na nataka kuwa pro wa baseball. Cheka umalize, nitangoja.

Umemaliza? Sawa.

Shida yangu ilikuwa moja: nilikuwa naogopa mpira. Na si uoga wa kawaida, ni malezi. Nimekua nikicheza kati na dadangu Nafula. Kama ulilelewa Milimani na hujui kati, ni hivi: wawili wanasimama huku na huku, wewe uko katikati, wanakulenga na mpira wa soksi. Ukikugusa, umetoka.

Kwa hivyo mwili wangu unajua kitu moja tu kuhusu mpira unaokuja. Hepa!

Sasa mpatie huyo mtu bat. Pitcher akirusha, mimi niko chini kama nimeona nyuki.

Coach wetu ni Madam Chebet, ambaye pia hunifundisha Biology (marks tusiongelee). Siku moja akaniita kando.

"Wekesa, Jumamosi tunacheza na Molo. Hapo ndio nachagua wa kuenda team ya region. Ukilala chini tena, utakuwa wa kubeba maji."

Wakuu, mimi si wa kubeba maji.

Nikaanza kuwatazama mapro kwa simu ya Nafula, nikanotice kitu. Pro akikosa mpira hanuni, wala haangalii crowd. Anapangusa bat, anasimama tena kama hakuna kitu imehappen. Na macho hayatoki kwa mpira.

So kila jioni Nafula alinirushia mpira wa soksi nyuma ya nyumba. Kazi yangu? Kusimama tu, nisihepe. Huyo msichana hana huruma. Pua yangu ni shahidi.

Jumamosi ikafika. Pitcher wa Molo tulimbandika jina Waru, maana mikono yake ni ya mtu amepakia magunia ya viazi kwa lori tangu nursery.

Inning ya mwisho, tuko sare, bat iko kwangu.

Mpira wa kwanza, nikalala chini. Strike.

"Mleteeni blanketi!" Waru akapiga kelele. Molo wote wakavunjika mbavu.

Wa pili, nikapiga hewa. Strike ingine. Nikaona Madam akiangalia mtungi wa maji. Wah.

Moja ikienda hivyo tena, nimekwisha.

Nikapangusa bat na jezi, pole pole, kama pro. Nikajiambia hizo mbili zimeenda, hatujuani. Waru akarusha karibu na mbavu zangu. Mwili ukasema hepa. Macho yakakataa.

TWAA!

Mpira ukapita juu ya kila kichwa cha Molo. Nikatoka mbio. Base ya kwanza, ya pili, ya tatu. Imebaki home peke yake, nikifika hapo tumeshinda, na nyuma yangu kijana wao wa base ya tatu ameshapata mpira.

Kazi yake ilikuwa rahisi: amrushie catcher wao pale home, catcher aniguse nao, niende nyumbani nikilia. Kumgonga mkimbiaji na mpira wa kurusha hakumtoi kwa baseball.

Lakini wakuu, huyo naye alilelewa na kati. Akalenga miguu yangu!

Nikasikia Nafula kwa fence: "Wekesa, KATIII!"

Sikugeuka. Niliruka tu. Mpira ukapita chini ya viatu, ukampita catcher, ukaingia kwa mahindi ya wenyewe. Mimi nikamalizia safari nikitembea, nikipungia Molo mkono kama governor.

Waru akanijia amenuna. "Boss, hiyo si baseball."

"Ni baseball ya Bondeni. Ulitaka blanketi?"

Madam Chebet hakucheka. Yeye huwa hacheki. Alinipatia jezi ya region, akasema, "Na ule mtungi, tafuta mwenye atabeba."

Nimejifunza nini? Mpira ukija na uko na bat, simama uuangalie mpaka mwisho, hata kama umeshindwa mara mbili mbele ya watu. Lakini usitupe michezo ya estate. Kuna siku utaihitaji.

Haya, wale mlicheza kati mjitokeze hapa. Mlikuwa wa kuhepa ama wa kuchapwa? Na msidanganye, Nafula anasoma comments.