Odalys na Neno Lililokatazwa

Kwa miaka kumi na tisa Odalys Pereda alisafisha nyumba za wageni katika kisiwa cha kitalii cha Key West, na humo aliokota kila kitu wanachoacha mabinti wanaomuaga mwenzao anayeolewa: kope za bandia, shela, hata meno. Hakuwahi kuchukua pini ya mtu. Lakini saa nne asubuhi hii alisimama jikoni, mkoba wake umemwagwa mezani.

Pete ya uchumba ya Tamsin, bibi harusi mwenyewe, haionekani. Tamsin alidhani aliiacha bafuni, na aliyesafisha bafu ni Odalys. Msimamizi wa bibi harusi, Darcy, binti mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alikwisha kumpigia simu mwenye nyumba, Bwana Haldane. Jibu lilikuwa fupi: pete isipopatikana kufikia saa sita, Odalys asirudi tena.

"Mama, itoe tu yaishe," Darcy alisema. "Polisi hatuwaiti."

"Waite! Waje na mbwa wao. Mbwa ana adabu, hunusa kwanza ndipo abweke."

Rafiki yao Lorelei, aliyejilaza sofani na barafu kichwani, alicheka, kisha akajuta maana kichwa kilimgonga. "Jamani, harusi yenyewe Jumamosi..."

Darcy akamrukia. "Umelisema! Lete pete!" Akamvua pete ya plastiki ya waridi na kuitunga kwenye utepe aliovaa shingoni, uliokwisha kujaa nyingine.

Hawa hata msibani wangecheza! Odalys aliujua mchezo wenyewe, maana kila kundi huucheza: kila mmoja huvaa pete ya plastiki, na anayetamka "harusi" huvuliwa na aliyemsikia. Alimtazama Tamsin aliyekuwa akilia. Ya kwake ya plastiki bado ilikuwa kidoleni.

"Binti, siku zote hizi hujalisema hilo neno?"

"Hata mara moja!"

"Muongo huyo," alisema Lorelei. "Jana mchana ulilisema usingizini, pale bwawani. Darcy akakuvua pete, sote tukapiga vigelegele."

"Alimvua ipi?" Odalys aliuliza.

Darcy alianza kuupekua utepe, waridi baada ya waridi, na vidole vikazidi kwenda polepole. Almasi ilikuwa imejibana katikati ya plastiki.

"Pombe," Darcy alinong'ona. "Sikumbuki chochote."

Tamsin alipiga kelele za furaha. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, na Lorelei akasahau kichwa chake akaenda kutafuta shampeni. Odalys hakuna aliyemwona.

"Mpigie," alimwambia Darcy.

"Nani?"

"Uliyemwambia mimi mwizi."

Darcy alipiga, uso umemwiva kwa aibu. Alieleza yote kwa sauti ndogo, spika ya simu ikiwa imefunguliwa wote wasikie.

"Ah, vizuri," alisema Bwana Haldane. "Basi Odalys aendelee na kazi."

"Siendelei," Odalys alisema. "Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Miaka yote hiyo alikuwa amewasubiri wageni waamke, waoge, wamalize kutapika. Kumsubiri huyu mmoja hakukuwa mzigo. Mabinti waliacha kucheka.

"Samahani, Odalys," sauti simuni ilisema mwishowe. "Nilikukosea."

Ndipo akalia mbele yao wote, jambo ambalo asubuhi nzima alijizuia asilifanye.